Bustani ya Mboga ya Familia: Tuanze na Mbegu Itakayobaki Nyumbani



Somo la toleo hili linahusu bustani ya mboga ya familia, kuanzia mbegu. Tumelichagua kwa sababu ni mradi unaoombwa mara kwa mara kuliko miradi mingine midogo, na pia ni mradi unaokufa haraka kuliko mingine.

Namna unavyokufa tunaifahamu wote. Fedha inafika, vifuko vya mbegu vinanunuliwa mjini, kila kaya inapewa vitatu au vinne: kabichi, karoti, spinachi, pengine nyanya chotara. Mwezi wa tatu bustani zinapendeza na picha zinapigwa. Mwaka unaofuata mradi umefungwa, vifuko havipo, na palipokuwa na matuta wanalala mbuzi. Watu husema akina mama ni wavivu au hawana mwamko. Sikubaliani nao. Mama alipewa mbegu ambayo haiwezi kujirudia pale nyumbani kwake, na hela ya kununua nyingine ilikuwa na kazi zake: daftari, chumvi, dawa ya mtoto.

Kwa hiyo, kabla kamati haijauliza ipande nini, iulize mbegu ya mwaka kesho itatoka wapi. Mifano ya somo hili nimeichukua Dodoma na maeneo jirani ya Tanzania ya kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu, karibu Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote ni kiangazi. Walioko Bukoba au Tukuyu wana mvua ya kutosha. Watapunguza habari za maji na kuchukua yale ya mbegu kama yalivyo.

Kwa nini tujisumbue

Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Mboga peke yake haiondoi udumavu, na kamati isiahidi hivyo kwenye andiko la mradi. Mtoto anahitaji pia maharage, karanga, maziwa, yai, maji safi na kuepushwa na kuhara. Lakini majani ya kijani yana vitamini A na madini ya chuma ambavyo ugali mweupe hauna. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hebu kila mmoja wetu akumbuke sahani yake ya jana.

Jambo moja la jikoni tuliseme hapa hapa: vitamini A ya mboga huingia mwilini vizuri zaidi mboga ikiliwa na mafuta kidogo. Mchicha au kunde zilizoungwa kwa karanga, kama akina mama wa Dodoma wanavyofanya tangu zamani, ni chakula bora kuliko mchicha uliochemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa.

Mboga zinazorudisha mbegu na zisizorudisha

Hapa ndipo kamati nyingi hukosea, nanyi wafadhili mnapaswa kupaelewa.

Kabichi, karoti, sukuma wiki na ile mboga tunayoiita spinachi huhitaji kipindi kirefu cha baridi ndipo zitoe maua na mbegu. Katika maeneo yetu ya joto zitatoa majani, kabichi itafunga vizuri, lakini mbegu hutaiona. Sukuma wiki unaweza kuiendeleza kwa kupandikiza machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina. Hizo nyingine ni za kununua kila mara.

Mbegu chotara, ambazo kifuko chake kimeandikwa F1, ni habari nyingine. Hizo huzaa mbegu, ila ukizipanda watoto hawatafanana na mzazi: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine hazai kitu. Chotara si mbaya. Mkulima anayelima nyanya za kupeleka Majengo sokoni anaweza kuinunua na ikamlipa. Ila kwa bustani ya kula nyumbani inamfunga mama kwenye duka la pembejeo maisha yake yote. Kwa upande wa nyanya zipo aina ambazo si chotara, kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1997. Mbegu zake zinaweza kutunzwa.

Halafu zipo mboga zetu za asili, ambazo huzaa mbegu hapa hapa bila kubembelezwa: mchicha, mgagani, mnavu, kunde, mlenda, bamia, maboga, nyanya chungu. Wapo wanaoziona kuwa mboga za kimaskini. Wataalamu hawazioni hivyo. World Vegetable Center, taasisi ya kimataifa iliyoanzia Taiwan mwaka 1971, ina kituo chake Arusha, na hapo kuna benki ya mbegu za mboga za Afrika, zikiwemo hizi tunazozipuuza.

Ushauri wangu kwa kaya inayoanza ni aina nne tu: mchicha, kunde, mgagani au mnavu, na nyanya chungu. Kaya ikishazimudu, iongeze kwa hiari yake.

Hesabu ya maji kabla ya kushika jembe

Katika jua la kiangazi, tuta la mboga hutaka kama lita 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 linakunywa ndoo moja ya lita 20 kila siku. Sasa chukueni maandiko ya miradi yanayosema kila kaya italima mita 10 kwa 10. Hizo ni mita za mraba 100, sawa na lita 500, yaani ndoo 25 kwa siku. Nani atazibeba, na kutoka kisima kipi? Aliyeandika mradi hakubeba hata moja.

Tuanze na tuta moja la mita 1 kwa 4, lililo karibu na mahali pa kuoshea vyombo. Maji yaliyosuuzia vyombo, mboga na nafaka yote yaishie pale, yakimwagwa chini ya shina, yasimwagwe juu ya majani. Maji yenye sabuni nyingi ya kufulia yapelekwe kwenye mpapai au mgomba.

Sehemu kavu hazitaki tuta lililoinuka, maana upepo na jua vinalikausha pande zote. Chimba udongo wa juu kina cha sentimita 20, uweke pembeni, lainisha udongo wa chini kwa jembe, kisha rudisha ule wa juu ukiwa umechanganywa na samadi. Udongo ubaki chini ya usawa wa ardhi kwa kama sentimita 10, mfano wa jaruba dogo la mpunga, ili kila tone litulie humo. Wakati wa mvua kubwa fungua mlango upande mmoja maji ya ziada yatoke. Samadi iwe ya zizi la zamani, iliyooza, isiyonuka wala kuwa na joto. Nusu ndoo kwa kila mita ya mraba inatosha. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Mboga zikishasimama, funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au mabua. Matandazo hupunguza maji yanayopotea, na yule mama atashukuru kwa ndoo aliyoipumzisha.

Tena, jengeni uzio kabla ya kupanda, si baada. Kuku watatu humaliza kitalu asubuhi moja wakati watu wako kanisani. Miiba ya mgunga na fito za jirani hazigharimu kitu isipokuwa jasho.

Kusia mbegu

Mbegu ya mchicha ni ndogo sana. Gramu 1 ina zaidi ya mbegu 1,000. Mtu akiimwaga kwa mkono mtupu inaangukia sehemu moja, miche inasongamana na kuwa kama nywele. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu, kisha mwaga kwenye mifereji isiyo na kina, iliyoachana sentimita 15 hadi 20, funika kwa udongo mwembamba kama unavyonyunyiza chumvi. Kanuni ya mbegu zote ni kwamba kina kisizidi mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Kunde huenda chini sentimita 3. Mchicha uliozikwa sentimita 3 hautafufuka. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Mchicha huanza kuonekana siku ya tatu hadi ya tano, na baada ya wiki tatu au nne unaweza kupunguzia kwa kung'oa na kula.

Mgagani una tabia yake. Mbegu yake ikiwa mpya, iliyotoka kuvunwa, huota kwa shida. Inataka kupumzika miezi kadhaa. Wengi wamelaumu udongo au mkono wa mtu bure. Mbegu iliyovunwa Machi na kutunzwa mpaka mvua za Desemba imepumzika vya kutosha. Isiachwe wazi juani, maana huota vizuri ikiwa gizani, ifunike kidogo.

Mnavu, nyanya chungu na nyanya huanzia kitaluni. Kitalu cha mita 1 kwa 1 kinatosha kaya kadhaa, kwa hiyo jumuiya moja inaweza kuwa na kitalu kimoja karibu na mtu mwenye maji na mwenye moyo wa kukiangalia. Sia kwa mistari, funika kwa nyasi kavu, mwagilia asubuhi. Siku miche ya kwanza inapochomoza, nyasi ziondolewe jioni ile ile, na kijengwe kichanja chepesi cha kivuli juu yake. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka mieupe na kuanguka. Adui mwingine wa kitalu ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaokata mche pale shina linapogusana na udongo. Unaletwa na msongamano na maji mengi kupita kiasi. Kabla ya kusia, wakulima wengi huchoma majani makavu juu ya kitalu ili kupunguza vimelea. Ni desturi nzuri kwa eneo dogo kama hili. Baada ya wiki nne hadi sita, mche ukiwa na majani halisi manne au zaidi, punguza maji na kivuli kwa wiki moja ili ukomae, kisha uhamishe jioni jua likiwa limepoa.

Mnavu mwavune majani tu. Tunda lake likiwa bichi, la kijani, lina sumu, watoto waonywe.

Mimea mama

Tunapovuna mboga, macho hutuongoza kwenye mche uliostawi kuliko yote. Huo ndio unaokwenda chunguni. Uliodumaa, uliotoa maua mapema, unaachwa pembeni, na mwisho wa msimu ndio tunaochukua mbegu. Baada ya miaka minne mama analalamika kwamba mchicha wake siku hizi una majani madogo na unakimbilia maua. Ni kweli unakimbilia, kwa sababu kila mwaka amechagua mzazi mwenye tabia hiyo bila kukusudia.

Kwa mboga za majani, mche wa kuzalia mbegu uwe ule unaochelewa kutoa maua, wenye majani mapana, usio na ugonjwa. Uchague mapema, ufunge kitambaa chekundu, na uwaeleze watoto na wageni kwamba huo hauchumwi. Usichague mmoja tu. Michicha 20 yenye vitambaa ni bora kuliko mitano, ili ukoo usiwe mwembamba. Mchicha husafirisha chavua kwa upepo, hivyo aina mbili zisizaliwe mbegu katika uwanja mmoja, na mchicha pori wenye miiba ung'olewe kabla haujatoa maua. Kunde hazina shida hiyo, hujichavusha zenyewe. Maboga huchanganywa na nyuki, na kwa kuwa huwezi kuwazuia nyuki, jumuiya ikubaliane kupanda aina moja.

Kwa sababu hii napendelea mpango wa kila jumuiya kutunza mbegu ya mboga moja. Jumuiya hii mchicha, ile mgagani, nyingine nyanya chungu, na siku ya kubadilishana wanakutana uwanja wa parokia mwezi Novemba kabla ya mvua. Kila kaya inarudi na aina zote, na hakuna aliyehitaji kuwa mtaalamu wa yote.

Wakati wa kuzalisha mbegu ni msimu wa mvua, ambapo maji ni ya bure. Panda eneo kubwa zaidi Desemba, kula, kausha majani ya kunde na mlenda kama mlivyozoea, na acha mimea mama ikomae Machi na Aprili. Mvua inapoishia, rudi kwenye tuta lako moja la ndoo moja. Miezi migumu ni Septemba hadi Novemba. Hapo tuta moja halitashibisha familia ya watu sita kila siku, na mboga zilizokaushwa ndizo zitakazoziba pengo.

Kukausha na kuhifadhi

Kichwa cha mchicha hukatwa mbegu zinapoanza kudondoka ukikipiga kiganjani. Kikaushwe juu ya kanga, kipigwe, kipepetwe kwa ungo. Vitumba vya mgagani hupasuka na kumwaga vikikauka shambani, kwa hiyo vichumwe vikiwa vya manjano. Matunda ya mnavu na nyanya chungu yaiva kabisa, yapondwe ndani ya maji, mbegu nzuri zitazama. Mbegu za nyanya ziachwe ndani ya maji yake siku mbili au tatu zichachuke, ule utelezi utoke, ndipo zioshwe.

Zikaushwe kivulini penye upepo kwa siku kadhaa. Jua la saa saba mchana juu ya bati huua mbegu mbichi. Wataalamu wa mbegu wana kanuni hii: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake wa kuhifadhiwa huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo chukua chupa yenye mfuniko unaokaza, weka chini mchele uliokaangwa mkavu hadi ukawa wa kahawia na kupoa ndani ya chombo kilichofunikwa, juu yake weka mbegu zikiwa ndani ya vitambaa vyenye jina na mwezi. Mchele unanyonya unyevu. Chupa ikae pembeni pa baridi ndani ya nyumba, mbali na moto. Mahindi juu ya kichanja cha jikoni ni sawa, moshi unafukuza wadudu, lakini joto lile linazeesha mbegu ndogo. Kunde zichanganywe na majivu yaliyochekechwa, sehemu 3 za majivu kwa sehemu 4 za kunde.

Mwezi mmoja kabla ya kupanda, hesabu mbegu 20, zikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, hesabu tena baada ya siku saba. Zikiota 16 ni asilimia 80, panda kwa amani. Zikiota 8, panda kwa wingi mara mbili na utafute nyingine kwa jirani. Mbegu za dukani zipimwe vivyo hivyo. Zile zilizopakwa rangi zina dawa: zisipewe kuku, zisiliwe, na mikono ioshwe.

Jumuiya itakayotaka kufunga mbegu na kuziuza, ianze kwa afisa kilimo wa kata. Uuzaji wa mbegu Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 kupitia TOSCI, na upo utaratibu wa wakulima waliosajiliwa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora.

Kwa wafadhili

Fedha ya vifuko vya kila mwaka mngeipunguza. Nunueni mbegu nzuri, isiyo chotara, mara moja, kiasi cha kuanzia jumuiya. Kinachobaki kiende kwenye maji, yaani tangi la kuvuna maji ya bati la kanisa au ukarabati wa pampu, na kwenye nauli ya afisa kilimo kuja mara nne ndani ya msimu, wakati wa kitalu, kuhamisha miche, kuchagua mimea mama na kuhifadhi. Wengi humwita mara moja tu, siku ya uzinduzi.

Nasi tubadilishe taarifa zetu. Picha ya mwezi wa tatu itumwe, haina ubaya, ila mwaombe kamati iwaandikie pia mwezi wa kumi na tatu: kaya ngapi zimepanda mbegu zao wenyewe, na za mboga gani.

Maswali ya kujadiliwa na kamati

Katika jumuiya zetu, ni nani bado ana mbegu za zamani za mgagani au mchicha, na nani amemwuliza? Ndoo moja ya maji inamchukua mama dakika ngapi mwezi wa Oktoba? Je, baba na vijana watachukua zamu ya kumwagilia, au tumeongeza mzigo ule ule kwenye kichwa kile kile? Kitalu kikae kwa nani, na akisafiri nani atakiangalia? Siku ya kubadilishana mbegu iwe Jumapili ipi ya Novemba?